Mji Uliotolewa Bila Jibu: Mabishano ya Watazamaji kuhusu Mwisho wa Tamthilia ya Twin Peaks

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mabishano ya watazamaji kuhusu mwisho wa Twin Peaks: The Return, tamthilia ya televisheni ya Kimarekani iliyohitimishwa tarehe 3 Septemba 2017. Hoja yake ni kwamba wanaobishana hawatofautiani hasa kuhusu kilichotokea katika dakika za mwisho, bali kuhusu aina ya mkataba uliokuwapo baina ya fanani na hadhira yake. Tofauti ya kitendawili na fumbo katika fasihi simulizi ya Kiswahili, ikisaidiwa na maelezo ya Tzvetan Todorov kuhusu hadithi mbili za upelelezi, inatumika kuonesha jinsi kazi iliyoanza kwa kutega ilivyomalizikia kwa kufumba, na gharama ya mabadiliko hayo kwa mhusika ambaye kifo chake ndicho kilichokuwa chambo cha mtego.

Maneno makuu: mwisho wazi, kitendawili, fumbo, tamthilia ya upelelezi, hadhira

1.0 Utangulizi

Usiku wa tarehe 3 Septemba 2017, kituo cha Showtime nchini Marekani kilirusha kwa mfululizo sehemu ya 17 na ya 18 za Twin Peaks: The Return. Katika tukio la mwisho, mpelelezi Dale Cooper wa FBI anamfikisha mwanamke aitwaye Carrie Page kwenye nyumba iliyowahi kuwa ya familia ya Palmer. Cooper anaamini kuwa mwanamke huyo ni Laura Palmer, msichana aliyeuawa mwaka 1989. Mlango unafunguliwa na mtu asiyemjua Palmer yeyote. Wawili hao wanashuka ngazi na kurudi barabarani. Cooper anasita, anageuka, anauliza huu ni mwaka gani. Sauti ya mbali ya mwanamke inaita jina la Laura. Carrie anapiga ukelele, taa za nyumba zinazimika, skrini inakuwa nyeusi.

Watazamaji walianza kubishana usiku uleule, na mabishano hayo hayajaisha. Wapo wanaoshikilia kuwa Cooper ameshindwa na kupotea katika ulimwengu usio wake. Wapo wanaoshikilia kuwa ameshinda, na kwamba kuzimika kwa taa ni ishara ya uovu kukatika. Wengine husema kuwa yote yaliyotangulia yalikuwa ndoto. David Lynch, aliyeongoza sehemu zote 18 na kuziandika pamoja na Mark Frost, alifariki Januari 2025. Hakuacha jibu, na hata alipokuwa hai hakuwa na desturi ya kufafanua kazi zake.

Makala haya hayakusudii kuongeza jibu jingine juu ya rundo lililopo. Hayakukusanya data kwa hojaji wala mahojiano; yanategemea tamthilia yenyewe na fasiri zinazojulikana sana miongoni mwa wafuasi wake. Swali linaloulizwa ni la awali zaidi: kwa nini mwisho huu huwafanya baadhi ya watazamaji wajione wamedhulumiwa, na wengine wajione wamekirimiwa, ilhali wote wametazama picha zilezile? Uhakiki wa Kiswahili una zana inayofaa kwa swali hili, ingawa kwa kawaida zana hiyo hufundishwa chini ya mada ya tanzu fupi za fasihi simulizi na kuachwa hapo.

2.0 Kutega na Kufumba

Kitendawili hutegwa na kuteguliwa. Fumbo hufumbwa na kufumbuliwa. Vitenzi hivi vimo katika jozi za kutenda na kutendua, na kwa sababu hiyo tanzu hizi mbili huonekana kama pacha. Maana za msingi za vitenzi hivyo, hata hivyo, zinatoka katika shughuli tofauti. Kutega ni kazi ya mwindaji. Mtego una mahali pake pa kufyatukia, na anayepajua ni aliyeutega. Kufumba ni jambo la macho, kinywa, kiganja na ua. Kilichofumbwa kina kitu ndani yake, lakini hakina kifyatuo. Hufunguka kidogo kidogo, na anayekifumbua huona kwa kadiri ya mwanga alionao.

Desturi ya utegaji inathibitisha tofauti hiyo. Fanani husema "Kitendawili!", na hadhira huitika "Tega!". Hadhira ikishindwa, fanani hudai mji. Hutajiwa Mombasa, au Unguja, au Tabora. Anaweza kuukataa wa kwanza akataka ulio mkubwa zaidi. Akiridhika huutamba mji wake mpya, kisha hana budi kutoa jibu. Kutokuwa na budi huko ndiko kiini cha mkataba. Fanani anayepokea mji akanyamaza hajawa mjanja, amekuwa mwizi. Jambo la pili ni kwamba jibu linalokubalika ni moja. Kitendawili "Nyumba yangu haina mlango" jibu lake ni yai. Msikilizaji anaweza kusema kaburi, na hoja yake ikawa na mantiki kamili, lakini fanani atamkatalia na hadhira itamuunga mkono fanani. Mantiki peke yake haitegui. Kinachotegua ni jibu lililohifadhiwa na jamii na kushikwa, kwa muda wa mchezo, na mtu mmoja.

Fumbo halina mji. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, yanasomwa hadi leo huku wahariri na wahakiki wakitofautiana kuhusu nani analengwa na mstari upi, na hakuna anayelalamika kuwa Muyaka aliwadhulumu wasomaji wake kwa kufa bila kuacha ufunguo. Msomaji wa fumbo hubishana na msomaji mwenzake, hamdai mshairi.

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, imesimama upande wa kitendawili. Bwana Msa huvuta kiko chake, husikiliza, na mwishoni hueleza. Msomaji amekwisha kulipa mji kwa muda wake na subira yake, na analipwa. Kwa upande wa pili, Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi hazimwahidi msomaji jibu la aina hiyo tangu mwanzo, hivyo anayezikasirikia kwa kutokuwa na jibu anazikasirikia kwa ahadi ambazo hazikutolewa. (Riwaya hizo mbili zilitoka katika miaka ileile miwili ambayo Twin Peaks ya awali ilikuwa hewani. Hakuna athari yoyote baina yake, lakini usadifu huo unapendeza.) Ugumu unazuka pale ambapo kazi moja inafunguliwa kwa "Kitendawili!" na kufungwa kwa fumbo, na hadhira haikuarifiwa ni wapi hasa mkataba ulibadilishwa.

3.0 Deni la Mwaka 1990

Twin Peaks ilianza kurushwa na kituo cha ABC tarehe 8 Aprili 1990. Takriban watu milioni 34 waliitazama sehemu ya kwanza. Ilifunguliwa kwa maiti ya msichana wa sekondari iliyofungwa katika plastiki na kutupwa na maji ukingoni, na swali lililoitangaza tamthilia kote lilikuwa na umbo kamili la kitendawili: nani alimuua Laura Palmer? Lynch alieleza mara kadhaa baadaye kwamba hakutaka swali hilo lijibiwe. Alilifananisha na bata atagaye mayai ya dhahabu. Hadhira, ambayo kila wiki ilikuwa imetoa mji, ilidai chake, na kituo kikashinikiza. Tarehe 10 Novemba 1990 muuaji alioneshwa. Ni Leland Palmer, baba mzazi wa Laura, aliyepagawa na pepo aitwaye BOB.

Kitendawili kikawa kimeteguliwa, na watazamaji wakazidi kupungua. Maelezo ya kawaida ni kwamba taharuki iliisha. Maelezo hayo ni kweli, ila hayatoshi, kwa sababu jibu lenyewe halikufunga chochote. Ikiwa mkosaji ni BOB, basi baba ni chombo tu, na mji mzima unaweza kulala usingizi. Ikiwa mkosaji ni Leland, basi BOB ni jina ambalo binti alimpa mtu aliyekuwa akiingia chumbani mwake usiku, kwa kuwa jina la kweli halitamkiki. Filamu ya Fire Walk with Me (1992), inayosimulia siku saba za mwisho za Laura, inaegemea zaidi upande huu wa pili na ilipokewa vibaya na wengi waliokuwa wakitaka kujua hatima ya Cooper. Katika kitendawili kulikuwamo fumbo, na fumbo hilo lilihusu mtoto aliyenajisiwa na mzazi wake.

Hatima ya Cooper nayo ilikuwa imeachwa ikining'inia. Sehemu ya mwisho ya awamu ya kwanza, iliyorushwa tarehe 10 Juni 1991, ilimwacha Cooper halisi akiwa mateka katika Chumba Chekundu huku pacha wake mwovu akitoka badala yake, paji lake likichuruzika damu mbele ya kioo. Deni hilo lilikaa miaka 26.

Henry Jenkins, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1995, aliwaeleza watazamaji wa zama hizo wakiwa na vinasa video vyao: wanarudisha ukanda nyuma, wanasimamisha picha, wanalinganisha maneno ya sehemu moja na ya nyingine. Alionesha pia kwamba kadiri tamthilia ilivyozidi kutatanisha ndivyo walivyozidi kumwamini mtunzi kuwa ni mjanja mkubwa anayejua kila kitu. Hayo ni mazingira ya kutega. Hakuna anayejitesa kutafuta kifyatuo katika ua lililofumba. Imani hiyo ndiyo watazamaji wa 2017 waliyoirithi, na wengi wao walikuwa walewale wa 1990.

4.0 Mpelelezi Anayeifuta Kesi Yake

Todorov, katika insha yake ya mwaka 1966 kuhusu aina za riwaya ya upelelezi, alieleza kwamba kila kisa cha upelelezi kina hadithi mbili: hadithi ya uhalifu na hadithi ya uchunguzi. Ya kwanza imekwisha kabla ya ya pili kuanza. Mpelelezi anaijua kwa masalia yake tu, yaani maiti, nyayo, ushahidi wa watu; hawezi kuingia ndani yake. Umbali huo kati ya hadithi mbili ndio unaoufanya utanzu uwezekane.

Sehemu ya 17 ya The Return inauvunja umbali huo waziwazi. Baada ya pacha mwovu kuuawa na BOB kusambaratishwa, jambo ambalo katika tamthilia nyingine lingekuwa ndio mwisho, Cooper anarudishwa usiku wa Februari 1989 ambao Laura aliuawa. Anamkuta msituni, anamshika mkono, anamwongoza. Hapo Lynch anachukua picha za sehemu ya kwanza ya 1990 na kuzirusha upya zikiwa na badiliko moja: maiti ukingoni mwa maji inafifia na kutoweka, na mzee aliyepaswa kuigundua anakwenda zake kuvua samaki. Kwa muda wa pumzi chache, hadithi ya uhalifu imefutwa. Kisha Laura anaponyoka mkononi mwa Cooper, na ukelele wake unasikika msituni.

Watazamaji wengi wameijadili hatua hii kama tatizo la safari za wakati: Laura asipokufa, Cooper haitwi, asipoitwa haingii Chumba Chekundu, asipoingia hawezi kurudi kumwokoa. Hoja hiyo ni sahihi na inachosha. Lililo zito zaidi ni la utanzu. Cooper ameifuta kesi iliyomfanya kuwa mpelelezi, na sehemu ya 18 nzima inaonesha kinachobaki katika kisa cha upelelezi kinapoondolewa hadithi yake ya kwanza. Kinachobaki ni mwanamume mwenye kitambulisho cha FBI asiye na kesi, anayeamka katika moteli isiyo ile aliyolala, akikuta barua iliyoandikiwa mtu aitwaye Richard na kutiwa saini na Linda.

Jambo moja katika sehemu hiyo lingestahili kutajwa kwanza katika kila mjadala, nalo hutajwa kama kichekesho tu. Cooper anapofika nyumbani kwa Carrie Page katika mji wa Odessa, Texas, sebuleni kuna maiti ya mwanamume aliyeketi kitini. Cooper anaiona. Kamera inahakikisha kwamba tunaona kuwa ameiona. Haulizi. Carrie anakusanya vitu vyake, na wanaondoka. Katika utanzu wa upelelezi hili haliwezekani, kwa kuwa maiti iliyoonekana na mpelelezi ni swali lililokwisha kuulizwa. Kama kuna mahali ambapo mkataba wa kitendawili unatangazwa kuwa umekwisha, ni hapa, na si katika giza la mwisho. Mtazamaji aliyeendelea kungoja jibu baada ya hapo aliendelea kwa mazoea.

5.0 Majibu Yaliyopendekezwa

Miongoni mwa wanaosisitiza kuwa mtego una kifyatuo, wenye hoja nzito zaidi ni wanaotegemea maneno ya kiumbe aitwaye Fireman, mwanzoni mwa sehemu ya 1. Anamwambia Cooper akumbuke 430, Richard na Linda, na ndege wawili kwa jiwe moja. Katika sehemu ya 18 Cooper na Diane wanaendesha gari maili 430 kabla ya kuvuka upande wa pili, na barua ya Linda kwa Richard inapatikana asubuhi inayofuata. Kwa hiyo, husema watazamaji hawa, kulikuwa na mpango. Laura ndiye jiwe, na ukelele wake umeuangamiza uovu uitwao Judy ndani ya nyumba yake. Huongeza ushahidi wa sehemu ya 8, ambapo, baada ya mlipuko wa majaribio ya bomu la nyuklia ya tarehe 16 Julai 1945, Fireman anaituma duniani tufe ya dhahabu yenye uso wa Laura. Nguvu ya fasiri hii ni kuwa haikuokota kitu nje ya matini. Udhaifu wake ni kwamba dalili zote zinatimia bila kueleza. Namba 430 inageuka kuwa maili 430. Hilo linatuambia kuwa tukio lilitabiriwa, si kuwa lina maana gani. Ni kama kitendawili ambacho jibu lake ni kitendawili kingine.

Fasiri ya ndoto inaanzia sehemu ya 14, ambapo mkuu wa Cooper, Gordon Cole, anasimulia ndoto aliyomwona mwigizaji Monica Bellucci akiuliza nani ndiye mwotaji. Katika sehemu ya 17 uso mkubwa wa Cooper unatanda juu ya picha nyingine na kutamka kwa sauti nzito iliyopunguzwa kasi kwamba tunaishi ndani ya ndoto. Ushahidi basi upo. Tatizo ni kwamba ndoto hueleza kila kitu kwa kiwango kilekile: maiti ya sebuleni, barua, glavu ya kijani, kahawa. Jibu linalotegua kila kitendawili halijategua hata kimoja.

Kuna waliopendekeza kwamba sehemu ya 17 na ya 18 zitazamwe kwa wakati mmoja katika skrini mbili, kwa kuwa baadhi ya matukio yanaelekea kuoana. Subira yao inastahili heshima kuliko hoja yao, maana filamu ndefu mbili za mtunzi mmoja zikiwekwa kando kwa kando hazikosi kuoana mahali. Mwaka 2019 mfuasi mmoja alitoa filamu ya uchambuzi yenye urefu wa zaidi ya saa nne, akitetea kwamba Twin Peaks inahusu televisheni yenyewe na hadhira inayokula mateso ya wengine kama chakula cha jioni. Hilo ni wazo lenye mashiko, pengine ndilo bora kati ya yote yaliyotolewa. Ajabu ni kwamba filamu hiyo inajitangaza kuwa ndilo jibu lenyewe hasa. Inamlaumu mtazamaji kwa uchu wa kufumbuliwa, kisha inamfumbulia.

Kundi jingine huona kwamba mwishoni Cooper ameingia katika ulimwengu wetu sisi watazamaji. Hoja yao kuu iko nje ya skrini. Mwanamke anayefungua mlango ameigizwa na mwenye nyumba halisi, iliyoko Everett katika jimbo la Washington. Hata hivyo, majina anayoyataja mlangoni, Tremond na Chalfont, ni ya viumbe wa ajabu waliokutana na watu wa Twin Peaks tangu awamu ya awali na filamu ya 1992. Mwenye nyumba ni wa kweli, hatimiliki ni ya kubuni. Nyumba hiyo haiko upande wowote kati ya pande mbili zinazogombaniwa.

Lipo pia suala la kitabu. Tarehe 31 Oktoba 2017, wiki nane baada ya sehemu ya mwisho, Mark Frost alichapisha Twin Peaks: The Final Dossier. Humo, kumbukumbu za mji zinaonesha kuwa Laura Palmer hakuuawa bali alitoweka, na wakazi wenyewe wanakumbuka kwa utusitusi. Kwa baadhi ya watazamaji hili lilikuwa jibu kutoka kinywani mwa fanani. Wengine walilikataa kwa sababu Lynch hakushiriki katika kitabu. Mgogoro huu unaonesha wazi kinachobishaniwa. Katika utegaji wa jadi fanani ni mmoja, na mamlaka ya jibu ni yake. Hapa walikuwa wawili. Mmoja alipokea mji akatoa nusu ya jibu. Mwenzake aliupokea akanyamaza. Kuuliza ni yupi mwenye haki ya kutegua ni kukubali tayari kuwa kilikuwa kitendawili.

6.0 Kioneshi "Huu"

Swali la mwisho la Cooper, likitafsiriwa kwa Kiswahili, ni "Huu ni mwaka gani?" Uzito wake umo katika kioneshi. Kiswahili kina hatua tatu: huu ulio hapa kwa msemaji, huo uliokwisha kutajwa au ulio karibu na msikilizaji, na ule ulio mbali na wote wawili. "Huu" hudai kwamba msemaji anasimama mahali fulani katika wakati na anachokosa ni jina lake tu. Aliyetoka hospitali baada ya kuzirai huuliza hivyo, na hujibiwa kwa tarakimu. Cooper hana msingi huo. Ameuondoa 1989 aliouingilia, na 2017 alioutoka hauna njia ya kumfikia. Kwa hiyo wanaobishana iwapo jibu ni 1989, 2017 au mwaka mwingine wanajibu swali ambalo kioneshi chake hakina kinachooneshwa.

Njeo nazo zinatatanisha vivyo hivyo. Sarufi za kimapokeo hutenga -nge- kwa sharti ambalo bado linawezekana na -ngali- kwa lile lililokwisha kupita, ingawa wasemaji wengi wa leo huzichanganya. Kwa miaka 27 Laura alikuwa mtu ambaye "angaliokoka". Sehemu ya 17 inamfanya "aliokoka". Sehemu ya 18 inamleta mwanamke ambaye haijulikani amebeba njeo ipi, na inamrudisha mlangoni.

7.0 Ukelele

Mlango wa nani? Hapa ndipo tofauti ya kutega na kufumba inapoacha kuwa ya kinadharia. Nyumba ile ndiyo aliyonajisiwa Laura na baba yake kwa miaka. Mtazamaji wa kitendawili, akifika pale, anauliza hii ni nyumba ipi, ya ulimwengu upi, ya mwaka upi. Mtazamaji wa fumbo anauliza swali jingine: kwa nini mwanamume anayejiona mwokozi amemchukua mwanamke aliyekwisha kuwa na jina lingine na maisha mengine, hata kama maisha hayo yana maiti sebuleni, akamsafirisha usiku kucha kutoka Texas hadi kaskazini, ili amkabidhi kwa mama katika nyumba hiyohiyo? Wakiwa safarini Cooper hamwelezi karibu chochote. Ana uhakika wa mtu aliyepata jibu.

Wapo watazamaji, hasa wanawake walioandika kuhusu The Return kwa kuanzia na Laura badala ya Cooper, walioliona hili mapema. Kwao, mwisho huo ni hukumu juu ya upelelezi wenyewe, yaani juu ya hamu ya kulirudisha jambo lililotendeka katika hali ya kutotendeka kwa kuwa tu mchunguzi amelielewa. Wanaowajibu husema kuwa usomaji huo unamwonea Cooper, ambaye nia yake ni njema, na kwamba Fireman alikuwa amemtuma. Majibizano haya ni mazuri kuliko yale ya miaka na malimwengu kwa sababu yanaweza kuendelea bila fanani. Hakuna upande unaohitaji Lynch afufuke athibitishe. Wanarudi kwenye nyuso, kwenye ukimya wa garini, kwenye namna Cooper anavyogonga mlango, na wanatofautiana kwa ushahidi ambao wote wanauona.

Aidha, kuna sauti ile ya mbali. Ni ya Sarah Palmer, mama wa Laura, nayo inarejesha asubuhi ya sehemu ya kwanza kabisa, Aprili 1990, pale Sarah alipokuwa akimwita bintiye kutoka chini ya ngazi aamke aende shule. Mtazamaji wa siku ile alijua alichokuwa hakijui mama, kwamba msichana amelala ukingoni mwa maji akiwa ndani ya plastiki, na kwa hiyo hakuutilia maanani wito wenyewe. Aliutumia kupima muda uliobaki kabla ya simu kulia. Baada ya miaka 27 jina lilelile linaitwa barabarani, gizani, mbele ya nyumba ileile. Cooper, aliyeuliza mwaka, haelekei kulisikia. Carrie analisikia.